Mbegu Inayovumilia Mafuriko

(Mazungumzo na wanakisomo wa Rubwera)



Leo tuzungumze juu ya nyasi na maji. Msishangae nikisema kwamba mahindi, mtama, ulezi, miwa na mpunga ni nyasi. Yote ni ya ukoo mmoja. Lakini watu wa ukoo mmoja hawalingani kwa uvumilivu. Maji yakituama bondeni, mahindi machanga yaliyozama hufa baada ya siku chache tu. Mpunga unabaki umesimama. Kwa nini?

Kwanza ni hewa. Mizizi nayo hupumua. Oksijeni hupenya majini polepole, kama mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Kateni tete la bondeni mlitazame: ndani lina uwazi. Mpunga nao una vijia vya hewa kutoka majanini mpaka mizizini. Mahindi hutengeneza vijia hivyo kidogo, tena kwa kuchelewa.

Hata hivyo, mpunga nao una kikomo. Ukifunikwa wote na maji, aina nyingi hufa baada ya wiki moja hivi. Mmea uliozama hujaa gesi iitwayo ethilini, maana gesi hiyo haipati pa kutokea. Inauamrisha mmea urefuke, utafute hewa. Basi mmea unakimbilia juu huku ukila akiba yake ya chakula. Maji yakichelewa kupungua, akiba inakwisha, na mmea unakufa.

Kule Odisha, nchini India, wakulima walikuwa na mpunga wa kienyeji usiokimbia hivyo. Ukizama, unatulia na kubana matumizi, kama mama anayepima unga wakati wa njaa. Maji yakiondoka, hata baada ya wiki mbili, unachipua tena. Kutokana na mpunga huo ilichaguliwa mbegu iitwayo FR13A. Mavuno yake yalikuwa haba. Lakini mwaka 2006 wataalamu walitangaza siri yake: ni jeni iitwayo SUB1A.

Jeni ni chembe ya urithi. Ni kama agizo lililoandikwa ndani ya mbegu, ambalo mzazi humwachia mtoto. Agizo hili linasema: "Usirefuke, tunza akiba." Wataalamu walizalisha mpunga wa uzao wa FR13A na mpunga wenye mavuno mengi uitwao Swarna, wakachagua watoto waliorithi agizo hilo, wakarudia kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2009 mbegu mpya, Swarna-Sub1, ilikubaliwa kupandwa India.

Lakini si kila mafuriko yana dawa hiyo. Huko huko Asia, mahali ambapo maji marefu hukaa miezi, upo mpunga wenye agizo la kinyume: "Refuka upesi!" Huo huweza kurefuka zaidi ya sentimita 20 kwa siku. Wa kutulia ungeoza pale. Kwa hiyo mbegu inachaguliwa kufuatana na tabia ya maji.

Ndugu zangu, tunajifunza nini sisi tunaolima karibu na mabonde ya mto Kagera?

Moja: mahindi tuyapande juu, maji yasikofika.

Mbili: mtu akikuuzia "mbegu ya mafuriko", muulize inavumilia siku ngapi, na maji ya kina gani. Mwone bwana shamba kwanza, kisha jaribu kipande kidogo.

Tatu: tusitupe mbegu za wazee kwa sababu mavuno yake ni haba. Wakulima wa Odisha wangeitupa yao, agizo lile lingepotea nayo.

Nne: tumejifunza kuandika, basi tuandike. Weka daftari la shamba. Andika jina la mbegu, maji yalifika lini, yalikaa siku ngapi, na mmea gani uliinuka tena. Mzee akifa, anayoyajua kuhusu mbegu yanazikwa naye, yaliyoandikwa yanabaki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kurefuka kunaweza kuua mpunga uliozama?
2. Bondeni kwenu maji hukaa siku ngapi?
3. Ni mbegu gani ya zamani imebaki kwa watu wachache kijijini kwenu?