Barua ya Kamishna Young na Asidi ya Kamishna Soete



Mwezi uliopita mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, alisimama mbele ya watu akasema neno lililoninyima usingizi. Alisema: Kenya ilipata Kamishna wa Polisi Arthur Young, Katanga ikapata Kamishna wa Polisi Gérard Soete. Yaani ukoloni ni bahati ya mtu. Anayeangukiwa na Mwingereza hupata polisi mwenye dhamiri, anayeangukiwa na Mbelgiji hupata mchinjaji. Watu walipiga makofi. Leo nimekuja kuyajibu makofi yale.

Maisha ya Young nitayapita mbio. Alizaliwa Uingereza mwaka 1907, akaingia polisi wa Portsmouth angali kijana, akapanda ngazi hadi kuongoza polisi wa City ya London kuanzia 1950 mpaka 1971. Katikati ya miaka hiyo serikali yake ilimwazima kila palipowaka moto: Malaya mwaka 1952, Kenya mwaka 1954, Ireland ya Kaskazini mwaka 1969. Wenzangu wa idara ya historia wanayajua ya Malaya na Ireland. Tukae Kenya.

Alifika Nairobi vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, akawa Kamishna wa Polisi. Mwaka haukuisha, akajiuzulu. Alitaka wapelelezi wake wachunguze mauaji na mateso yaliyofanywa na watu wa serikali yenyewe, hasa hom gadi, wale wenyeji waliopewa silaha wawalinde machifu na vijiji. Wapelelezi walipomfuatilia Chifu Mundia wa Nyeri kwa kifo cha mtu aliyekamatwa, utawala ukawawekea vizingiti. Young akamwandikia Gavana Evelyn Baring, akaona hasikilizwi, akafunga mizigo.

Mwenzangu anaishia hapo, na hapo ndipo ninapoanzia.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walichujwa mmoja mmoja, wakapakiwa kupelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Kamishna wa polisi siku hiyo alikuwa nani? Alikuwa Young. Na alipoondoka, nini kilibadilika? Tarehe 18 Januari 1955, wiki chache tu baadaye, Baring alitangaza msamaha: hom gadi hawatashtakiwa kwa makosa waliyokwisha kuyatenda. Dhamiri ya mtu mmoja ilirudi London, na kambi zikabaki na watu ndani.

Sasa tuje kwetu Katanga. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, huko Shilatembo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi. Waliosimama pale si wahuni wa njiani. Alikuwapo Frans Verscheure, kamishna wa polisi wa Kibelgiji. Alikuwapo Pius Sapwe, mkuu wa polisi wa Katanga, mwana wa nchi hii. Alikuwapo Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, yaani bwana wa polisi wote. Niambieni: mjane wa Lumumba angepeleka mashtaka yake wapi? Kila mlango aliopaswa kuubisha, mwenye mlango alikuwa Shilatembo usiku ule.

Ndiyo maana nasema mwenzangu amepima kwa mizani mbovu. Amepima moyo wa Young na moyo wa Soete, hakupima njia ya mashtaka. Nyeri na Shilatembo njia ilikuwa moja: anayelalamika hulalamika kwa yule yule anayemtuma mpigaji. Uzuri wa mtu aliyekaa kileleni haukuifungua njia hiyo. Ulimpa yeye mwenyewe mahali pa kutokea.

Hata hivyo barua za Young siziachi, nami nawaomba mnivumilie. Kuna moja ya Novemba 1954 kwa Baring ambayo nimeisoma hadi naijua pumzi yake. Anasema hali ya baadhi ya kambi za kuwachuja watu ni ya kutisha, ichunguzwe bila kukawia, ili serikali isije ikaona aibu kwa yanayotendwa kwa jina lake na watumishi wake. Mkali atasema: tazama, anachokilinda ni heshima ya serikali. Kweli. Lakini katika sentensi hiyo hiyo anataja haki za Mwafrika, na neno analomwitia ni raia. Mwaka 1954! Mtu aliyefungiwa nyuma ya seng'enge bila hukumu, afisa wa Malkia anamwandika raia, kisha anatia sahihi yake chini.

London haikukubali kuchapisha barua yake ya kujiuzulu, ingawa mbunge Barbara Castle aliidai. Na huku kwetu, Soete, kamishna wa polisi naye, aliwafukua waliouawa, akawakatakata, akawayeyusha kwa asidi ya salfa. Ninyi mliokulia karibu na kiwanda cha Luilu hapa Kolwezi mnaijua asidi hiyo, ndiyo inayoyeyusha shaba iliyo katika mawe yetu mpaka itoke. Huyu alitumia asidi, wale wa London walitumia kabati, na nia ilikuwa moja: pasibaki kitu cha kuonyesha. Kikabaki. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, na mwaka 2013 ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228 wa Kenya. Juni 2022 jino la Lumumba, ambalo Soete alijiwekea, lilirudishwa kwa wanawe, likapitishwa Shilatembo.

Kwa hiyo mkuu wa polisi simuulizi kama ana huruma. Namuuliza ameandika nini.

Nililijua hilo kabla sijasoma jina la Young. Kaka yangu alipigwa marungu ukingoni mwa machimbo ya Mashamba, akitoka na mfuko wa mawe begani. Mama alinishika mkono tukaenda kituo kimoja cha polisi. Ofisa alitupokea vizuri, akampa mama kiti, akasikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. Mama akamwambia, "Baba, unanisikiliza, lakini mkono wako umelala." Tukarudi nyumbani. Jumatatu mama alichukua daftari langu la shule na kalamu, akaenda kuviweka juu ya meza ya ofisa yule, akakaa. Ilifika saa sita. Ofisa aliandika mistari minne. Ukurasa huo ninao mpaka leo. Hauna sahihi yake chini.