Manono na Umeme Wake

Msikilizaji, ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie, Kongo, kisha ukaendelea na safari ndefu ya barabara mbovu kuelekea kusini-magharibi, utafika Manono. Wenyeji wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe, chenye ladha yake ya Katanga. Siku hizi mji huo unatajwa Beijing na Washington kwa sababu ya lithiamu, ile ya betri za simu na magari ya umeme. Kampuni ya AVZ ya Australia ilikadiria mwamba wa tani milioni 400 wenye asilimia 1.65 ya oksidi ya lithiamu. Migodi yenye hazina kama hiyo duniani ni ya kuhesabu.

Lakini Manono haikuanza jana. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilianza kuchimba pale mwaka 1919, ikifuata bati. Bati hilo lilikuwa ndani ya mwamba uleule wenye lithiamu. Chembe nyeusi za bati zilichambuliwa zikachukuliwa, mawe meupe yakamwagwa pembeni, na vilima vyake vipo hadi leo. Jiwe lenye lithiamu huitwa spodumeni, na halina mvuto wowote: kijivu kilichofifia, limerefuka kama ubao, likipasuka linatoa vibanzi. Lishike mkono mmoja, na mkono wa pili ushike jiwe jeupe la kawaida la ukubwa uleule. La kwanza utahisi limezidi uzito kidogo. Viwanda hutumia tofauti hiyo hiyo kulitenga.

Siwalaumu Wabelgiji kwa kulitupa. Wakati ule nani angelinunua? Yapo mengine ya kuwalaumu, na orodha yake haienei katika kipindi hiki. Ila kuna jambo moja walilofanya ambalo linanikera kila nikisikia habari za Manono ya leo. Miaka ya 1930 walijenga kituo cha umeme wa maji Piana Mwanga, kwenye mto Luvua, wakavuta nyaya hadi mgodini, na bati likawa linayeyushwa palepale Manono. Lilitoka likiwa mikuo. Mkoloni, ambaye hakuwa na nia ya kumtajirisha Mkongo, aliona hasara ya kusafirisha mawe.

Baadaye serikali ya Zaire, jina la Kongo ya wakati ule, ikawa mmiliki mwenza wa mgodi, nao ukadhoofika. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Bati likaishiwa fedha na bei ikaporomoka. Vita vya mwisho wa miaka ya 1990 viliukuta mji umeshachoka. Mitambo ya Piana Mwanga ikanyamaza, na uchimbaji ukabaki kwa vijana wenye sururu, koleo na karai.

Sasa tazama lithiamu. Ili spodumeni itoe lithiamu yake, huchomwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kisha huchanganywa na asidi ya salfa. Hiyo ni kazi ya nishati nyingi, ukiwemo umeme. Usipokuwa nayo, unachouza ni unga wa mawe yaliyochambuliwa, ambao kwa kawaida una oksidi ya lithiamu asilimia 6 hivi. Katika kila tani 100 unazopakia kwenye malori, tani 94 si kile mnunuzi anachokitafuta, na dizeli yake unailipa vilevile. Sehemu kubwa ya usafishaji hufanyika China, na faida inabaki huko.

Watasema asidi ni ghali, na bei ya lithiamu ilianguka vibaya baada ya kilele cha mwaka 2022. Ni kweli. Ndiyo maana muuza mawe huumia kwanza: bei ikishuka, nauli haishuki.

Wakati huohuo AVZ na serikali ya Kongo walifikishana mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, kampuni ya Zijin ya China ikapewa kipande chake, na kampuni ya KoBold ya Marekani ikabisha hodi. Mazungumzo yote yakawa ni nani ana leseni. Kwa maoni yangu, yeyote atakayeshinda aulizwe kuhusu Piana Mwanga kabla ya kuulizwa kuhusu mrabaha. Tarehe ya turbini kuanza kuzunguka iandikwe kwenye mkataba, pamoja na faini ya kila mwezi wa kuchelewa, na nyaya zipite kwenye nyumba za watu wa Manono kabla ya kufika mgodini.