Kigingi cha Maji Kipili

Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilifura, maji yakaingia hadi bandarini Kigoma. Kule Gatumba, Burundi, familia ziliishia kambini. Kijiji cha Kipili kiko kwenye mwambao wa ziwa hilo hilo, na maji ya ziwa yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo.

Mafuriko yakija, msaada wa unga, blanketi na maturubai ni haki ya aliyepoteza nyumba, asisimangwe mtu. Lakini turubai hufika nyumba imeshaanguka. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Basi kamati ya kijiji tuiulize waziwazi: nani amechomeka kigingi pale maji yalipofikia, na nani bado anagawiwa kiwanja chini yake?