Sukari ya Asubuhi: Tuzibe Ufa Mapema



Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, wazee wetu walitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Waliposema maradhi walifikiri malaria, ukoma na kifua kikuu. Kisukari hakikuwa na jina kubwa. Hata uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 haukukuta wagonjwa wa kufika mtu 1 katika 100. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Adui amehama mjini, amepanda mlima.

Leo twasema na wale ambao hawajaugua bado, ila kisukari kinawabishia hodi. Mtu hupimwa asubuhi, akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi. Akionekana na chini ya 6.1, ni salama. Kutoka 6.1 hadi 6.9, hiyo ni ilani. Ikifika 7.0, na kipimo cha pili kikathibitisha, basi ni kisukari chenyewe.

Wengi huuliza: "Nimelala bila kula, sukari imetoka wapi?" Imetoka katika ini. Ini ni ghala la mwili. Kuanzia kama saa 9 usiku mpaka saa 2 asubuhi mwili hujiandaa kuamka, na ghala hufunguliwa. Kwa mwenye afya, insulini huituliza sukari hiyo. Kwa mwenye ilani insulini haisikilizwi vizuri, na sukari hubaki katika damu. Kwa hiyo kulala na njaa si dawa. Ghala litafunguliwa tu.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, tutazame chakula cha jioni. Tuna mahindi ya Iringa, viazi vya Mbeya, mpunga wa Usangu na Kyela, ndizi za Rungwe. Neema hiyo ndiyo mtego. Mlima wa sembe saa 4 usiku, kisha kitandani, ni kumkaribisha adui. Tule mapema. Ugali uwe wa dona, kiasi cha ngumi; maharage yawepo, na majani ya maboga yajaze nusu ya sahani. Wali na viazi visigombanie sahani moja. Baridi ya Mufindi na Tukuyu yataka chai, nasi tuinywe, lakini bila vijiko vitatu vya sukari. Na ulanzi mtamu, utamu wake ni sukari ile ile.

Pili, miguu. Tukimaliza kula tutembee robo saa, maana misuli inayofanya kazi hula sukari. Bodaboda ibebe mzigo na mgonjwa.

Tatu, uzito. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwapa watu wa hali hii shabaha mbili: kupunguza uzito kwa sehemu 7 katika 100, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa 58 katika 100. Kwa waliopewa vidonge ilipungua kwa 31.

Hapa, ndugu, tuseme kweli. Mikoa yetu imeumizwa sana na UKIMWI. Mtu akikonda, majirani hunong'ona. Kwa hofu hiyo, wapo wanaoshikilia kitambi kama cheti cha afya. Minong'ono hiyo itaua watu. Anayepunguza uzito kwa shauri la mganga wa hospitali tumpongeze, wala tusimsengenye.

Wauza chupa za mitishamba katika mabasi tusiwasikilize. Twende zahanati, tupimwe, na mwenye ilani arudi kupimwa kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kisukari hujengwa kwa macho, figo na miguu. Ufa bado ni mdogo. Tuuzibe.