Bunduki Mpya Hununuliwaje, Nayo Hupimwaje Shabaha

Hotuba kwa wavuvi, wakulima wa michikichi na wafanyabiashara wa mwambao wa Rumonge





Kuna swali ambalo huulizwa mara nyingi katika mialo yetu. Polisi hupewa bunduki mpya, huzijaribu uwanjani, kisha hupita nazo barabarani. Mvuvi aliyeporwa injini na nyavu katikati ya ziwa, mbona naye asijinunulie yake? Swali hili si utovu wa adabu. Mtu aliyerudi pwani kwa kasia alfajiri, injini yake imechukuliwa na watu wenye silaha, ana haki ya kuliuliza na kujibiwa kwa maelezo, wala si kwa kukaripiwa. Basi leo tutaeleza safari ya bunduki mpya, tangu inaponunuliwa hadi risasi yake ya kwanza, ili kila mmoja apime mwenyewe kama silaha ya mafichoni yaweza kuifanya safari hiyo.

Tuanze na kitu chenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki hufyatua risasi moja kila mara kifyatulio kinapovutwa. Nguvu ya baruti iliyolipuka ndiyo inayolitoa ganda tupu na kupandisha risasi nyingine mahali pake, bila mpigaji kurudisha kitu kwa mkono. Ile ya otomatiki kamili huendelea kutema risasi maadamu kidole hakijaachia. Bunduki za jamii ya Kalashnikov, ambazo vita vya Maziwa Makuu vimezitawanya kila upande wa ziwa letu, huweza kufanya yote mawili: kijiti kidogo cha ubavuni huchagua. Usiku, mikononi mwa mtu mwenye hofu, kijiti hicho hukosewa kwa urahisi.

Sasa sheria. Tarehe 21 Aprili 2004, mjini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka serikali ziweke katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki silaha nyepesi za vita, bunduki za rashasha, na bunduki za otomatiki na nusu otomatiki. Hapa kwetu, silaha hizi husimamiwa na Sheria nambari 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009. Kwa hiyo bunduki tunayoizungumzia si bidhaa ambayo mwananchi hukosa kwa sababu ya umaskini au kwa kutojuana na wakubwa. Imeondolewa sokoni kwa makusudi, katika ukanda ambao umezika watu wengi mno.

Wengine husema kwamba ng'ambo mambo ni mepesi. Ni kweli kwamba nchini Tanzania raia aweza kupewa leseni ya silaha za aina fulani chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini leseni hiyo hutolewa kwa mtu anayejulikana, kwa silaha inayojulikana, na haivuki mpaka pamoja na mtumbwi. Anayetoka Kagunga na bunduki ndani ya gunia la mihogo hana leseni hapa, hata kama alikuwa nayo huko. Na anayeileta kutoka upande wa Ubwari, Baraka au Fizi, ajue kwamba hakuna muuzaji wa mafichoni atakayempa hati yoyote itakayomtetea mbele ya hakimu.

Je, dola hununuaje? Nchi inayouza hudai kwanza hati ya mtumiaji wa mwisho, yaani ahadi ya maandishi kwamba silaha hizi ni za jeshi au polisi fulani na hazitapelekwa kwa mwingine. Kiwandani kila bunduki huchongwa katika chuma chake namba isiyofanana na nyingine, pamoja na jina la mtengenezaji na la nchi. Itifaki ya Nairobi inataka pia silaha inayoingizwa nchini itiwe alama ya nchi iliyoipokea na mwaka ilipoingia. Kituo cha kanda kinachoitwa RECSA, kilichoanzishwa mwaka 2005 na chenye makao yake Nairobi, kimezipatia nchi wanachama mashine za kuchonga alama hizo. Kisha namba huandikwa katika rejista, bunduki ikaingia ghalani, na kila inapotoka huandikwa nani ameichukua, lini, na kwa risasi ngapi. Lengo ni kwamba ikiokotwa porini au ikitumika katika uhalifu, ipatikane njia ya kuuliza: ilikuwa mikononi mwa nani?

Ikishanunuliwa, bunduki mpya bado haifai kwa kazi. Ni lazima ipimwe, na kipimo hicho kina utaratibu.

Kwanza huhakikishwa kwamba ni tupu. Magazini hutolewa, chemba hufunguliwa, ikatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Namba yake hulinganishwa na ya rejista. Kisha hufutwa grisi ya kiwandani, maana mtutu uliozibwa kwa grisi waweza kupasuka na kumjeruhi anayeushika. Risasi huhesabiwa na kutiwa saini.

Pili ni mahali. Uwanja wa shabaha una tuta nene la udongo nyuma ya mabango ili risasi iishie hapo. Bendera nyekundu hupandishwa na njia za kuingilia hulindwa. Mitutu yote huelekea upande mmoja, kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka amri itolewe, na sauti ya mtu yeyote anayeona hatari yatosha kusimamisha kila kitu, hata kama mtu huyo ni wa cheo cha chini kuliko wote waliopo.

Tatu ni risasi zenyewe. Mpimaji mwangalifu hatii magazini nzima. Huanza na risasi moja. Ikienda vema hutia mbili, aone kama bunduki itafyatua moja na kungoja, au itazitoa zote mbili kwa mvuto mmoja, jambo ambalo ni kasoro kubwa. Baada ya hapo hupimwa shabaha. Kwa bunduki za jamii ya Kalashnikov, desturi ya zamani ni risasi nne kwa umbali wa mita 100, zikilengwa mahali pamoja. Matundu hutafutwa katika bango. Yakiwa yamekusanyika pamoja lakini kando ya shabaha, bunduki ni nzima. Kinachorekebishwa ni alama ya kulengea, na zoezi hurudiwa. Yakiwa yametawanyika, hutafutwa sababu katika mtutu, katika risasi, au kwa mpigaji mwenyewe. Mwishoni maganda huokotwa na kuhesabiwa, maana kila ganda hubaki na alama ya pini iliyoligonga, na alama hiyo yaweza kuitambulisha bunduki baadaye. Risasi zilizobaki hurudishwa, bunduki husafishwa, na matokeo huandikwa.

Kumbukeni kwamba bunduki mpya kabisa, iliyotoka kiwandani ndani ya sanduku lake, yaweza kukosa shabaha katika risasi za mwanzo. Huko si kuharibika. Ndiyo sababu hupelekwa mbele ya tuta la udongo kabla ya kupelekwa mbele ya watu.

Sasa tuifuate ile ya mafichoni. Imenunuliwa usiku kwa mtu asiyetaja jina. Namba yake imekwanguliwa, au ipo lakini mnunuzi hajui imetumika wapi na kumuua nani. Akikamatwa nayo, ataulizwa maswali ya bunduki hiyo yote, hata ya miaka ambayo hakuwa nayo. Risasi zimekaa ardhini katika unyevu. Kuijaribu hawezi, kwa kuwa mlio utasikika mlimani na majirani watauliza. Basi ataiweka chini ya mbao za mtumbwi, juu ya maji ya tope na magamba ya dagaa, mpaka usiku wa shida.

Usiku huo ukifika, ndipo itapigwa kwa mara ya kwanza tangu aipate. Mtumbwi unayumba. Taa za kuvulia zimemwonyesha yeye vizuri, lakini zimemfanya asione gizani. Miguuni pake kuna dumu la petroli. Risasi ya bunduki ya vita huruka zaidi ya kilomita mbili, na ikigonga uso wa maji kwa mshazari yaweza kudunda na kushika njia nyingine. Huko mbele, katika giza, wapo wavuvi wengine wenye taa zao, watoto wa majirani zake. Uwanja wa bunduki ya siri ni ziwa lililojaa watu, na bango lake la kwanza ni mwanadamu. Hilo ndilo jibu letu kwa swali mliloliuliza.

Wala wanaopora hawaji mmoja. Wakijua kwamba mitumbwi ya mwalo fulani ina bunduki, huja wameamua kupiga kwanza. Injini ambayo ingalichukuliwa peke yake itachukuliwa pamoja na roho. Na mchana, bunduki ile ile ikiwa imefichwa juu ya dari, mtoto hujua ilipo kabla ya baba kudhani anajua. Ugomvi wa shamba la michikichi, wa mke, au wa deni la mawese, ambao wazee wangeumaliza kwa kikao, huishia kaburini.

Nchi hii imeyaona hayo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha bunduki na mabomu ya mkono majumbani. Mwaka 2009 serikali iliwapa raia nafasi ya kusalimisha silaha kwa hiari, na waliosalimisha walipewa vitu vya kuwafaa, kama vile saruji. Wapo waliofanya hivyo wakajenga. Kuta hizo ni ulinzi tosha kuliko chuma walichokitoa.

Ndugu wavuvi, hatukuja kuwaambia mkae mikono mitupu mbele ya waporaji. Yapo mambo yanayosaidia. Andikeni namba ya injini zenu mahali pawili, nyumbani na kwa kiongozi wa mwalo. Injini isiyo na namba iliyoandikwa ni vigumu kuidai hata ikipatikana Kigoma au Uvira. Katika usiku wa giza la mwezi, nendeni kwa makundi mnaoonana kwa taa. Mwachieni mtu wa pwani idadi yenu, upande mnaokwenda na saa ya kurudi. Mkiporwa, toeni habari mara moja kwa polisi au askari wa majini, kabla ya kulala, mkitaja mahali, idadi ya wezi, aina ya chombo, na upande walioelekea. Habari ya saa moja ina thamani kuliko habari ya siku tatu.

Mkiona bunduki, risasi au bomu la mkono katika shamba, kichakani au ndani ya wavu, msiliguse wala kulileta kituoni. Wekeni alama kando, wazuieni watoto, mkaite polisi. Aliye na silaha nyumbani, iwe ya marehemu baba au ya ndugu aliyehama, asiibebe njiani peke yake. Amwendee kiongozi wa mlima, kasisi, mchungaji au imamu anayemwamini, waje pamoja kutuambia ilipo, tukaichukue sisi.

Na sisi tuna wajibu kwenu. Kama tunavyowataka msiwe na bunduki isiyo na rejista, ndivyo nanyi mnavyostahili kututaka kila bunduki ya polisi iwe na namba, na kila namba iwe na askari anayewajibika. Askari akiiazima silaha yake kwa raia, akiikodisha kwa usiku mmoja, au akiuza risasi, huyo amewageuka ninyi na kutugeuka sisi. Mripotini kwa mkuu wake, au kwa mwendesha mashtaka. Mlio wa risasi msioujua chanzo chake, ulizeni. Ukiwa wa uwanja wa shabaha, mtaambiwa. Usipokuwa wa uwanja, tunahitaji kuujua kabla yenu.

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Bunduki ya mafichoni ni mwiba wa namna hiyo, ila humchoma pia asiyeununua. Muuzaji akija na maneno matamu kwamba ni mpya, kwamba haijawahi kupigwa, mkumbukeni yule mpimaji mbele ya tuta la udongo, na risasi yake moja, kisha mbili, kisha nne. Mwulizeni: nitaipimia wapi?

 Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.