Je, kuna kabila lililozaliwa na vita?

Maneno ya shirika letu kwa familia zilizokimbia vita na kwa wakuu wa mtaa, Kasungami, Lubumbashi

 

Tunapotembelea nyumba za hapa Kasungami, tunasikia neno moja likirudi kwa sauti ya chini: "Watu wa kule ni wauaji tangu mababu. Tutakaaje nao lupango moja?" Mmoja analisema juu ya watu wa Mitwaba, mwingine juu ya Wabatwa, mwingine juu ya Waluba. Neno hilo si dogo. Kwa ajili yake mama mwenye watoto ananyimwa chumba cha kupanga, na kijana aliyeacha bunduki anakosa fundi wa kumfundisha kazi. Kwa hiyo tulijibu waziwazi.

Ni kweli kwamba vita vina desturi zake. Ninyi mliopita kwenye njia za Mai-Mai mnazijua: maji ya dawa ili risasi isiingie mwilini, hirizi, miiko. Lakini desturi hiyo ni ya kabila gani? Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa kwa watu wa makabila mengi waliochoka na utawala wa Wajerumani. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, mashariki mwa Kongo, walikwenda vitani wakiita "Mai Mulele". Miaka ya 1990 jina la Mai-Mai likasikika Kivu, kisha huku Katanga. Hatusemi kwamba huyu alifundishwa na yule. Tunasema kwamba jambo linaloonekana kwa watu mbalimbali hivyo haliwezi kuwa damu ya kabila moja.

Tazameni pia yaliyofuata kule Tanganyika. Wajerumani walichoma vijiji na akiba za chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Vita hivyo viliisha mwaka 1907. Leo wajukuu na vitukuu vya wapiganaji wale ni wakulima, waalimu na wafanyabiashara, wala hakuna anayewaita kabila la vita. Damu yao ni ile ile.

Sasa turudi kwetu. Vita vilipoanza mwaka 1998, serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliwapa Mai-Mai wa Katanga silaha ili wapigane na jeshi la Rwanda na RCD. Mapatano yalipotiwa sahihi, bunduki zilibaki vijijini. Mitwaba, Pweto na Manono zikaitwa "pembetatu ya kifo". Mwishoni mwa 2005 jeshi lilishambulia kundi la Gédéon Kyungu Mutanga. Wanakijiji wakabanwa katikati: Mai-Mai waliwatesa, na askari nao waliwatendea mabaya. Hadi katikati ya 2006, watu zaidi ya 150,000 walikuwa wamekimbia. Wengi wao walikuwa wa lugha moja na hao Mai-Mai waliowachomea nyumba. Kama kabila ndilo lililoua, kwa nini liliua watoto wake lenyewe?

Machi 2009, mahakama ya kijeshi iliyokaa Kipushi ilimhukumu Gédéon kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Ilimhukumu mtu kwa matendo yake. Haikuhukumu teritware ya Mitwaba. Ni kweli alitoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na uchungu wa waliotendewa haujaisha. Lakini njia ile ilikuwa ya haki: kumtafuta aliyetenda, aliyeamuru na aliyegawa silaha.

Tukumbuke pia miaka ya 1992 na 1993. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa. Walikuwa wamefanya kazi na kuoana na wenyeji kwa miaka mingi. Kabla ya fimbo na moto kulikuja neno: waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Neno hilo lilitoka kinywani mwa wanasiasa, likafika sokoni, likafika mlangoni kwa jirani.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, hatusemi msahau. Aliyetendewa aseme, na asikilizwe. Lakini ataje kitendo na aliyekitenda, asitaje kabila lote.

Pili, ninyi wakuu wa mtaa, familia mpya inapofika, andikeni majina yake kama mnavyoandika ya wengine. Mkiona mwenye nyumba anakataa watu kwa sababu ya kijiji walikotoka, mwiteni, mketi naye, mumwulize amemwona nani akitenda nini.

Tatu, sisi wazazi tusikilize watoto wanapocheza. Mtoto wa miaka sita akimwita mwenzake "Mai-Mai" kwa kumtukana, hakuzaliwa na neno hilo. Amelisikia nyumbani, jioni, watu wazima wakiongea.

Vita hufundishwa, na sisi ndio waalimu wa kwanza wa watoto hawa. Sasa tunawaachia neno. Aliye na swali au na jambo linalomchoma moyoni asimame aseme.