MAKALI YA PANGA NA KISU: YAPI YAFAA KAZI GANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru)



Leo twasema juu ya panga, sime na kisu, vyombo ambavyo wengi wetu huvishika tangu alfajiri mpaka alasiri. Labda mtauliza, mambo haya yahusu nini chama? Ngojeni kidogo, mtaona kwamba mshahara wetu umo ndani yake.

Kila mmoja wetu ajua kunoa. Lakini si kila mmoja ajua kwamba chuma huchongwa kwa namna mbali mbali, na kila namna ina kazi yake.

Kwanza, kisu cha jikoni. Bapa lake hupungua polepole toka mgongo mpaka makali. Hukata nyama na mboga kwa urahisi, maana hakina bega la kukizuia. Lakini kipige juu ya mti mkavu, mara makali yamekunjika.

Pili, panga la dukani. Bapa lake lina unene karibu mmoja, na makali yamechongwa ukingoni tu, pande zote mbili. Ni imara, lakini mabega yake hushikwa na mti.

Tatu, shoka. Mashavu yake yana tumbo kidogo. Tumbo hilo husukuma mti kando, na shoka halikwami. Mfyekaji hodari hulitengeneza panga lake vivyo hivyo: huyaondoa mabega kwa tupa mpaka yawe mviringo.

Nne, wembe wa kinyozi, ule wa kukunja. Mashavu yake yamechimbwa ndani. Hakuna kikali kama huo, wala hakuna kilicho dhaifu kama huo.

Tano, kisu cha kuunganishia miche, kama miche ya mawaridi katika mashamba ya maua ya Naivasha. Kisu cha namna hii mara nyingi huchongwa upande mmoja tu, kama patasi ya seremala, ili kidonda cha mche kiwe kimenyooka na kushikana vizuri. Ukikinoa pande zote mbili, umekiharibu. Na mwenye kutumia mkono wa kushoto yafaa apewe kisu chake, kilichochongwa upande wa pili.

Na sime ya Wamaasai je? Ina makali kando zote mbili, na mgongo wake umepita katikati ya bapa. Karibu na ncha ni pana, hivyo uzito uko mbele. Mgongo ule huipa nguvu bila kuifanya nzito. Wahunzi wetu wametengeneza nyingi kwa springi za magari na tupa kuukuu.

Sasa sikilizeni habari hii. Katika shamba moja la Bonde la Ufa wenzetu walipewa mapanga mapya ya kufyeka vichaka, pasipo tupa hata moja. Kazi ilikuwa ya kipimo: usipomaliza, hulipwi siku nzima. Wakayapeleka kwa mwenye mashine ya kunolea nje ya lango, wakalipa kwa fedha zao wenyewe. Yakachongwa membamba kama visu vya jikoni, na chuma kikapata moto hata kikageuka rangi ya samawati. Chuma cha panga kikifika hapo, ugumu wake waweza kuwa umepungua. Haukupita muda makali yakakunjika. Mwenzetu mmoja akaongeza nguvu ili amalize kipimo, panga likateleza, likamkata vidole viwili. Msimamizi akasema, “Ni uzembe wake.”

Sisi twasema sivyo. Nguvu unayoiongeza kwa sababu ya ubutu ndiyo inayokukata.

Basi shikeni haya. Nyuzi 15 mpaka 20 kila upande zafaa kisu. 20 mpaka 25 zafaa panga. Huna kipimo? Chukua pembe ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90. Ikunje katikati, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu. Shika tupa kwa mwinamo huo. Sukuma tupa mbele, usiikokote nyuma. Ukitumia mashine, chovya chuma katika maji mara kwa mara. Kikikuchoma vidole, acha kwanza.

Tena jueni haki yenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo visivyo na hatari, na mafunzo ya kuvitumia. Penye watu 20 au zaidi, hapana budi iwepo kamati ya usalama. Pelekeni neno la tupa huko. Na aliyeumia amwarifu mwajiri upesi, kwa maana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yataka madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu: tupa itolewe pamoja na panga, glavu zitolewe, na dakika za kunoa zihesabiwe kuwa kazi, wala zisikatwe katika kipimo. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwetu sisi, mwenye kisu kikali pia ndiye arudiye nyumbani na vidole vyake kumi.

Umoja ni nguvu.